Namuuguza mama na nimechoka mpaka namkasirikia, nifanye nini?

SWALI: Niko Nyalenda, Kisumu. Mamangu ana miaka 67, ana saratani ya koo la chakula. Alilazwa wiki tatu hospitali kubwa, daktari akasema imeshasambaa na matibabu sasa ni ya kumpunguzia maumivu tu, tukarudi kwangu. Usiku analia mpaka asubuhi. Tulipewa mofini ya maji lakini dadangu wa Nairobi anasema hiyo ni dawa ya watu wanaokufa na itamfanya teja, kwa hivo nampa tu akizidiwa. Kakangu ako Qatar, kila siku anapiga simu anataka tuuze shamba la Ugunja apelekwe India. Mimi ndio kitinda mimba, kila kitu ni mimi. Kibanda changu cha nguo pale Kibuye nimefunga. Juzi alitema uji nikamfokea, nikaenda kulia chooni. Saa zingine naomba Mungu amchukue halafu naogopa hayo maombi. Je, mimi ni mtu mbaya? Nifanye nini?

JIBU: Dada, pole sana. Nitaanza na ile chupa ya mofini kabla ya hilo swali la kama wewe ni mtu mbaya, juu hilo swali litajijibu nusu yake ukishalala usiku mbili tatu mfululizo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa upande wa tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, pale wengi wanaita tu hospisi, na kitu nimeona karibu kila nyumba ni hiki: mtu anakuja kuniambia amechoka, amekonda, anagombana na kila mtu, nikimuuliza mgonjwa analala vipi usiku ananiambia halali. Basi kumbe tunaongea kuhusu maumivu ya mgonjwa, hatuongei kuhusu roho mbaya ya mlezi. Watu wanapenda kuambia mlezi ajipende, apumzike, atembee kidogo jioni. Atatembea saa ngapi na mamake analia? Tuliza maumivu ya mama kwanza, hayo mengine yatapata nafasi.

Sasa sikiza vile mofini ya maji inafanya kazi. Ukimeza, ndani ya nusu saa hadi saa moja inaanza kushika, halafu inakaa karibu masaa manne inaisha. Ndio maana inaandikwa kila baada ya masaa manne, maumivu yawepo ama yasiwepo. Ukingoja alie ndio umpe ni kama kukimbiza matatu imeshatoka steji, unaeza kuishika lakini utafika umehema, na kwa mama inamaanisha atateseka saa nzima akingojea dawa ishike, halafu utashawishika kuongeza, halafu asinzie sana uogope, halafu uache, na mnaanza upya. Hiyo panda shuka ndio inafanya watu waseme mofini ni mbaya.

Ratiba ya kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na ya mwisho saa nne usiku. Hiyo ya saa nne usiku mara nyingi tunaandika iwe mara mbili ya zile zingine ili mgonjwa asiamshwe saa nane za usiku kumeza dawa. Usifanye hivo kivyako tafadhali, angalia kwanza kilichoandikwa kwa chupa yako, kama hakuna uliza aliyeiandika, lakini uliza, juu hiyo dozi moja inaeza kukupatia usingizi wako wote. Uliza pia kuhusu dozi ya dharura ya katikati, yaani maumivu yakiruka kabla ya saa yake unampa kiasi gani, na mkiitumia mara nyingi kwa siku mrudi dozi ya kawaida ipandishwe. Mofini kwa maumivu ya saratani haina kile kiwango cha kusema hapa ndio mwisho, inapanda na maumivu, lakini anayeipandisha ni mhudumu, si wewe na si dadako wa Nairobi.

Na kuhusu dadako. Mwambie hivi: mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa kipimo kwa ajili ya maumivu ni nadra sana awe teja, na ikitolewa kwa kipimo sawa haimharakishi mtu kufa. Inaonekana ni dawa ya kufa kwa sababu familia zetu zinaikubali siku za mwisho kabisa, mtu anapewa jumatatu anafariki jumatano, basi dawa ndio inalaumiwa. Kuna wagonjwa wanaitumia miezi na miezi wakienda shambani na kanisani. Uganda hapo jirani wamekuwa wakiwapa watu mofini ya kunywa nyumbani tangu 1993, Dr Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda baada ya kufanya kazi Nairobi Hospice, na kule hata manesi waliosomea hii kazi sheria inawaruhusu kuiandika. Na kwa mama yetu kuna faida nyingine, koo lake limebana, dawa ya maji inapita mahali tembe haitapita.

Utakachoona siku mbili tatu za kwanza: atasinzia sana. Mara nyingi hiyo ni deni ya usingizi analipa, hajalala vizuri kwa wiki ngapi? Anaeza pia kusikia kichefuchefu, kuna dawa yake, na huwa kinapita. Kitu hakipiti ni choo kukauka, mofini itamfunga tumbo kila siku anayoitumia, kwa hivo dawa ya kulainisha choo inafaa kuanza siku moja na mofini na kuendelea nayo, kama hawakukupa rudi uitishe, usiondoke bila. Nimeona mgonjwa maumivu ya saratani yametulia kabisa halafu anateseka na tumbo la siku nane hajaenda choo. Kitu cha kukufanya upige simu haraka ni akisinzia mpaka huezi kumuamsha, ama pumzi iwe ya polepole sana isiyo ya kawaida yake.

Nunua daftari ya shule. Andika saa ulimpa, kiasi gani, maumivu yalikuwaje, choo, alimeza nini. Maumivu muulize na vidole: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yale hayavumiliki, hata akiwa hana nguvu ya kuongea atakuonyesha. Ukienda na hiyo daftari kliniki mazungumzo yanabadilika kabisa, daktari badala ya kuuliza "anaendeleaje" na wewe unajibu "hivo hivo tu", anaona mwenyewe kwamba kila usiku saa tisa mama ako vidole vinne.

Haya, uji. Hapa nataka ukae chini kidogo juu hii ndio inavunja walezi wengi wa kwetu. Kwetu kulisha ndio kupenda, mama asipokula majirani wanauliza kwani huyu msichana anampikia nini. Lakini kwa saratani ya koo la chakula, njia yenyewe imezibwa, uji aliotema hakukutemea wewe. Uwe mwepesi, uchujwe, vijiko vichache vichache mara nyingi kwa siku kuliko kikombe kizima, akae wima kabisa wakati wa kula na nusu saa baadaye. Akikohoa wakati wa kumeza simama. Ikifika mahali hata mate yanamshinda, rudini hospitali muulize kuhusu ule mrija wa waya unaowekwa ndani ya koo kulifungua, wanauita stenti. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana miaka mingi kwa hiyo kazi, juu hii saratani iko sana upande wetu wa magharibi na Bonde la Ufa. Si tiba, haiondoi ugonjwa, lakini mtu anaeza kurudia kunywa chai yake, na kwa mgonjwa hiyo si kitu ndogo. Kama si stenti basi mrija wa tumboni wa kumlisha, muulize kama unamfaa, si kila mgonjwa atafaidika.

Na itafika siku hatataka kabisa. Mwili ukielekea mwisho huwa unaacha kuitisha chakula, si njaa inayomuua, ni ugonjwa. Ukilazimisha kinaingia kwa mapafu. Siku hizo kazi yako ni mdomo: pamba ama kitambaa safi kimeloweshwa maji, pitisha kwa ulimi na midomo, paka mafuta kidogo midomo isipasuke. Huko pia ni kumlisha, kwa namna yake.

Basi nikujibu lile la kuwa mtu mbaya. Hapana. Kumfokea mama juu ya uji baada ya wiki hujalala ni kitu nimeambiwa na wasichana, na wake, na wanaume wazima wamesimama nyuma ya wodi wakilia. Ukirudi umwambie tu "mama nilikuwa nimechoka, nisamehe", wengi wa hawa wamama wanajua, wao pia waliuguza watu wao. Na hayo maombi. Wewe hutaki mama afe, unataka mateso yaishe, ni vile umechoka kutofautisha hayo mawili saa tisa ya usiku. Siku akienda utasikia kama mzigo umeshuka kabla hata machozi hayajakuja, nakwambia sasa ili usije ukajichukia siku hiyo. Waambie watu wa hospisi hayo maombi vile umeniambia mimi, hawatashtuka. Tiba shufaa tangu mwanzo wake iliwekwa kwa ajili ya mgonjwa na familia yake, hata Shirika la Afya Duniani, WHO, wanaieleza hivo, kwa hivo ukienda pale wewe pia una haki ya kuulizwa "na wewe unaendeleaje" na kujibu ukweli. Usipoulizwa, sema bila kuulizwa.

Kisumu tuko na Kisumu Hospice, Nakuru iko Nakuru Hospice, Eldoret iko yao pia, na hospitali nyingi za rufaa za kaunti siku hizi zina nesi ama klinika ofisa wa tiba shufaa hata kama ni chumba kimoja tu kando ya wodi. Uliza kwa jina, "nani anashughulika na tiba shufaa hapa?" Watu wengi wanapita hicho chumba miezi juu hakuna aliyewaambia kiko. Muulize pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale wa CHP waliopewa mikoba na serikali 2023, akija kumpima mama presha nyumbani ni safari moja ya boda umepunguziwa.

Sasa ndugu zako. Nikuambie ukweli mchungu, "nisaidieni" haisaidii. Ukiandika kwa grupu ya WhatsApp ya familia "jamani nimelemewa" utapata emoji za mikono imeshikana na "Mungu akutie nguvu dada". Andika kazi yenye jina na siku. Dada wa Nairobi: unakuja ijumaa ya mwisho wa mwezi unalala na mama siku mbili, mimi siko. Kaka wa Qatar: daipa na dawa ya choo kila tarehe tano, tuma moja kwa moja kwa duka la dawa, si kwangu. Hiyo ya si kwangu uishike sana. Mlezi anaepokea pesa zote ndio atashukiwa, leo ama siku ya matanga, kwa hivo mtu mwingine ashike mchango na wewe ushike risiti tu kwa ile daftari. Nimeona dada wawili wasiongee tena kwa sababu ya elfu kumi na tano ambayo ilinunua dawa kweli kweli.

Na hapa niseme kitu ambacho kitanipatia maadui. Watu wetu wanaeza kuacha mgonjwa akose daipa miezi mitatu, akifa wanapata hema, ng'ombe, basi mbili na spika za kuamsha kijiji kizima. Kama kuna jamaa anayejulikana atachangia matanga vizuri, mpigie saa hii. Mwambie bila haya kwamba mama anataka ule mchango akiwa bado anaeza kuusikia.

India: usibishane na kakako kwa simu, hutashinda. Yeye ako mbali, kuuza shamba ndio kitu pekee anaona anaeza kufanya, na anaogopa kuambiwa baadaye hakufanya. Omba mkutano wa familia, kitengo cha tiba shufaa wanafanya hiyo kitu, mnakaa na daktari ama nesi na kaka anawekwa kwa simu ya video, halafu daktari ndio anamwambia, si wewe. Maswali ni machache: huko India watamfanyia nini ambacho hapa hakifanyiki? Kitamponya ama kitamuongezea muda, na muda wa aina gani? Ataeza kweli kukaa kwa ndege masaa hayo yote hamezi hata maji? Kuna wagonjwa wamesaidika kwenda, sikatai, lakini saratani ya koo iliyosambaa, na mama amekonda, mimi singeuza hata ekari nusu kabla ya kupata hayo majibu kutoka kwa daktari aliyeona picha zake. Na kuna mtu mmoja anasahauliwa kwa hiyo simu ya Qatar, mama mwenyewe. Anajua anaugua nini? Nyumba nyingi zinamficha halafu mgonjwa anajua na anajifanya hajui ili asiwaumize. Muulize polepole, "mama, ungependa tujue nini kuhusu vile unataka mambo yaende?" Anaeza kukushangaza. Wengi wanataka kwenda nyumbani, dala, wakae chini ya ule mwembe, na Ugunja si mbali, mradi muende na mofini ya kutosha na namba ya kupiga usiku.

SHA, ile bima ya afya ya serikali, haraka tu: hakikisha jina la mama liko, malipo hayajakatika, na kabla ya kila matibabu makubwa uliza kiwango kilichobaki kwa mwaka huu. Bili ikiwashinda muone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, si siku ya kuruhusiwa.

Mgongo wako. Usimvute mama kwa mikono wala makwapa. Kunja leso mbili upana, ipite chini ya kiuno na mapaja yake, mtu mmoja upande huu na mwingine ule, mnamgeuza na leso. Mchana mgeuzeni kila masaa mawili hivi, na uangalie mfupa wa chini kabisa wa mgongo, nyonga na visigino, palipo pekundu pasipobadilika ukibonyeza ndio kidonda kinaanza hapo. Na ile ringi ya mpira ya kukalia watu wanauziwa, achana nayo, inabana damu pembeni na kuleta kidonda ilichokuja kuzuia. Akirudishwa wodi, usilale sakafuni chini ya kitanda kila usiku ukidhani ndio upendo, ongea na sista incharge, mwambie ni nini mama anahitaji usiku na mofini yake saa ngapi, iandikwe kwa faili, halafu nenda ukalale. Sista mmoja ana wagonjwa wengi, ni kweli, kwa hivo kile kilichoandikwa kina nguvu kuliko kile ulichosema ukipita.

Kama una dawa zako za kila siku, za presha, za sukari, ARV, angalia umezimeza leo. Walezi wengi wanakumbuka ratiba ya mgonjwa na kusahau yao. Na kama hata siku umepata nafasi usingizi hauji, chakula huna hamu, umekaa wiki mbili hivo, ama mawazo ya kutaka kuisha wewe mwenyewe yanapita kichwani, hiyo si uchovu tena, mwambie klinika ofisa wazi wazi, ama piga 1199 ya Red Cross, haikatwi pesa. Watoto wako pia waambie shosho ni mgonjwa na anaitwa ugonjwa gani, saratani haiambukizi, wakae karibu naye, wamsomee.

Kibanda usikifunge kabisa. Najua inaonekana ubinafsi kwenda kuuza nguo na mama ako kitandani, lakini ukimaliza mtaji sasa, baada ya haya yote utakuwa huna mama na huna kazi, na hao wanaokuambia ukae nyumbani hawatakulipia kodi. Chagua siku mbili. Jumapili ndio siku kubwa Kibuye, lakini ndio siku wamama wa kanisa wenyewe wako kanisani mpaka saa nane, kwa hivo jumapili tafuta yule mtoto wa mjomba ama jirani muislamu, na hao wamama wa kanisa wakija jumatano kuomba, waombe kwa zamu, wawili wabaki na mama masaa manne na ratiba ya mofini ukutani, hiyo ya saa nane mchana wampe wao.